Kyansi Katikati ya Miguu Yangu

Sake, tarehe 9 ya mwezi wa nane, 1949

Dada yangu Mukashema, mama ya Jean-Marie,

Tumusifu Yezu Kristu. Ninakusalimu wewe, ninasalimu shemeji, ninasalimu wote wenye kulala ndani ya nyumba na wale wenye kulala nje, maana ng'ombe nao ni watu wa kwetu. Kifua cha shemeji iko namna gani? Na ule muguu wako, ambao unauma wakati ukungu unashuka ku Burungu, unaupakaa siagi kama nilivyokuambia ao umesahau? Ile ng'ombe nyekundu ilizaa? Kama ilizaa dume usinifiche. Mie huku niko. Ninakula, ninalala, mwili iko muzima. Ile ingine utaisoma pole pole, maana na mie ninaiandika pole pole.

Barua yako ilifika na loli ya maziwa. Umeuliza neno moja tu, na ninajua umeligeuza sana mu roho mbele ya kulitia ku karatasi: kama Jean-Marie anaweza kushuka hapa Sake kushika motere ya mashua ya maziwa, kwa sababu sasa kiti iko wazi. Unasema anataka sana. Unasema muke wake analia na yeye anamucheka. Unasema alisimama ku zizi mbele ya wanaume wote, akasema kama mujomba wake Sebarenzi, ni kusema mie, anapita ku mawe ya Sake kama mbayuwayu, yeye aliye damu yake atashindwa namna gani, na motere anaijua tangu ku masini ya kukata mbao. Unataka nikujibu ndiyo ao apana. Nitajibu. Lakini unanijua, ndugu yako hawezi kutoka kitandani mupaka ku mulango bila kuzunguka kwanza mupaka mbali kule Walikale.

Acha nianze na mawe, kwa sababu wewe haujayaona. Ulipita Sake siku ya harusi ya Valérie, wakati barabara ya Goma ilikuwa nzima na ile pembe ya ziwa ilikuwa maji matupu. Usikumbuke ile tena. Moto wa mulima Nyamulagira ulishuka kama uji uliofurika chungu, ukakata barabara, ukaingia mu ziwa ukilia kama chuma chekundu cha mufua vyuma. Ulipopoa ukawa mawe. Yale yaliyo juu ya maji hayana ubaya. Ni meusi, muntu mwenye macho anayaona na kupita kando. Mabaya ni yale yaliyolala chini. Maji inayafunika kiasi cha kiganja tu, na ngozi yake inakata kama chupa iliyopasuka. Na iko na ujanja. Mvua ikinyesha sana ziwa inapanda, unapita juu yake bila kujua kama iko pale. Kiangazi ikikaza ziwa inashuka, na jiwe ulilopita juu yake ukiimba mu mwezi wa ine, linakungoja mu mwezi wa saba. Halafu asubuhi ukungu inalala pale juu ya maji kama kondoo zisizotaka kuamuka.

Na ni asubuhi njo maziwa yetu inapita. Loli inayatoa kwenu Burungu na Kitchanga, inayashusha hapa Sake, na kwa sababu njia ya magari haijapona, mashua inayachukua mupaka Goma kwa Wazungu wa siagi na jibini. Ikichelewa, jua inayachachisha. Kwa hiyo kila muntu ku kivuko anataka muntu wa mbio, na muntu wa mbio, dada, unajua alikuwa nani.

Umesikia maneno yangu yote, lakini niyaandike tena, ili uone vizuri kama ni yangu. Nilisema nilitoka Sake na maziwa nikafika Goma na siagi, kwa sababu ya vitesi, ile mbio ya motere. Nilisema bata wa ziwa walikuwa wanaruka, nilipowapita wakafikiri wametua. Nilisema jiwe moja kubwa lilisikia motere yangu likasogea kando kunipisha, na mupaka leo limekaa pale liliposogea, muntu asiyeamini aende alione. Nilisema mu mwaka ule tulipasua barabara ya Walikale nilitoa loli mu matope na mugongo wangu peke yake, shofere akiwa amelala ndani, na hakuamuka. Ile ya loli haina kazi hapa, lakini ilikuwa inafuata ingine siku zote, kama mukia. Watu ku pombe walicheka mupaka baba mmoja alianguka ku kiti. Nimeyaandika sasa yote, nimengoja kidogo, na kicheko haikuja.

Walicheka pia kwa ajili ya kyansi. Unakumbuka kile kyansi cha marehemu mama yetu, kile chombo chake cha maziwa, cha muti mweusi kwa moshi, chenye alama ya meno ya panya ku mudomo? Nilikichukua nyuma ya maziko yake, na wewe ulikasirika. Kila asubuhi ku mashua nilikijaza maziwa mupaka juu na kukiweka katikati ya miguu yangu, bila kifuniko. Waliniuliza sababu. Nilisema muntu wa vitesi kama mie hana nafasi ya kusimama kula, anakunywa akiwa anaruka. Neno lile nalo lilipanda na loli mupaka kwenu.

Sasa Kanyamibwa. Unamujua, yule rafiki yangu aliyekuwa anaendesha loli ya maziwa, mwenye kupiga honi ku kila kona hata kama ni majani tu yanamusikia, yule aliyekuletea mufuko wa chumvi wakati wa ubatizo wa mujukuu wako. Mu mwezi wa tano alitoka ku loli, akakaa ku motere ya mashua. Mie nilikuandikia wakati ule kwamba nimechoka na sifa, nimemwachia rafiki yangu kiti. Mie nilienda kukaa mbele, ku pua ya mashua, na muanzi wa kupimia maji. Neno lile ulishike, nitalirudia.

Kazi ya muntu wa muanzi iko hivi. Motere inakula sauti yote, hata ukiita kama ng'ombe aliyepotea, mwenye kukaa nyuma hasikii. Kwa hiyo ni muanzi tu unasema. Ukiusimamisha wima, maji ni marefu, tuende. Ukiulaza juu ya kichwa na mikono miwili, maji inaisha, punguza motere mupaka inguruma kama paka anayelala. Halafu unashuka kupima, kushoto, kuume, na mashua inakufuata kama kipofu anayemufuata mutoto wake. Watu wa hapa ku ziwa walifanya hivyo ku mitumbwi yao tangu mawe iingie, na walinyamaza kabisa mupaka wamalize kupita. Ni Wazungu walileta motere. Mawe haikupewa habari.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, mu mwezi wa saba. Loli ilichelewa, mupira ulipasuka ku Mushaki. Tulipakia bidoni za maziwa jua ikiwa tayari inapanda nyuma ya ukungu. Muzungu mwenye mashua alisimama ku kivuko, akaangalia saa yake, akatuangalia, akaangalia saa tena. Angetutukana ingekuwa afadhali. Kanyamibwa alivuta motere, tukatoka.

Tulipofika karibu na mawe, nililaza muanzi juu ya kichwa. Motere haikupunguza. Nilifikiri ukungu inamuficha, nikageuka na uso wote, nikaulaza tena. Aliona, dada. Alikuwa anacheka na meno yote, kofia yake imegeuka nyuma kwa sababu ya upepo. Aliita kwa nguvu kushinda motere, na mie niliyesema sauti haifiki, siku ile nilisikia kila neno.

“Sebarenzi, unanificha njia ya mbayuwayu? Wewe ulipita hapa ukikunywa maziwa, na mie nitambae?”

Njo neno lake la mwisho. Chini ya mashua pakapasuka, sauti kama muntu anapasua shuka. Mie nilitupwa mu maji na muanzi mukononi. Yeye alirushwa juu ya bidoni zote na kupigwa kifua ku jiwe, lile jeusi la juu ambalo kila muntu analiona. Nilimufikia, nikapanda, nikamushika. Alikuwa tayari anaangalia mahali pengine.

Bidoni zilifunguka. Maziwa yote iliingia mu ziwa, na maji kuzunguka yale mawe meusi ikawa nyeupe. Unajua mama alivyokuwa anatukataza: maziwa ikiingia mu maji, kiwele cha ng'ombe kinakauka. Nilikaa juu ya jiwe, rafiki yangu mufu ku mapaja yangu, na nikawaza kiwele cha ile ng'ombe yako nyekundu. Sikuwaza kitu kingine. Nilikuwa ninatazama ile nyeupe ikienda mbali, ikawa kama maji ya kusukutua chombo, ikaisha. Watu wa mitumbwi walikuja, wakanipiga mashavu ili nilie. Walisema asiyelia atapata wazimu. Sikulia. Sina wazimu pia. Iko tu kama wakati umelalia mukono, unaushika na ule mwingine, unaona ni nyama ya muntu mwingine. Mie iko hivyo mwili wote, tangu Alhamisi ile.

Tulimuzika hapa Sake. Padri alisema maneno mazuri. Nyuma ya maziko muke wake, Françoise, aliniita kando akaniuliza alisema nini mwisho, kwa sababu nilikuwa peke yangu naye. Nilimwambia mume wake aliita “Françoise”, halafu jina la Bikira Maria. Ilitoka bila kazi, kama maji ku kibuyu. Kinywa changu kimezoea.

Basi, dada, jibu.

Mie sijapita ku yale mawe kwa mbio hata siku moja. Mbele ya watu wa kivuko niliamusha motere ikalia kama simba, nikatoka na povu nyuma yangu kama bwana harusi. Nilipozunguka kona ya matete, pale ambapo macho yao haifiki, niliilaza. Nilienda kama mama yetu. Unamukumbuka, akitoka ku zizi na kyansi mukononi, mvua inakuja, radi inapiga Kitchanga yote, sisi tunakimbia tukimwita, na yeye anatembea vile vile? Alisema mwenye kubeba maziwa hakimbii, akikimbia anatukana ng'ombe. Mie sikujua kusoma zile namba za Wazungu zenye kuonyesha vitesi, na ile motere haikuwa nazo pia. Nilikuwa na kyansi. Nilikijaza mupaka juu, nikakiweka katikati ya miguu, na nilipofika karibu na mawe sikuangalia mbele tu, niliangalia na kyansi. Maziwa ikigusa ile alama ya meno ya panya, ninapunguza. Upepo ikitikisa, ninapunguza tena. Hakuna tone lililomwagika. Na sikuyakunywa. Ku Goma niliyarudisha mu bidoni. Muntu aliyekuwa ananishikia muanzi wakati ule, muntu wa Bobandana asiyependa maneno mengi, nilimupa tumbako ili apende kidogo zaidi kunyamaza.

Na sikumwachia Kanyamibwa kiti. Nilitolewa. Muzungu aliona maziwa inachacha, akauliza, akaambiwa, akasema mie ni kinyonga aliyevaa kofia, na akaniweka ku muanzi kwa sababu yule wa Bobandana alirudi kwao. Nilikuficha hata wewe. Sikutaka Burungu isikie kwamba Sebarenzi ametolewa ku motere kwa ajili ya upole. Ningependa zaidi waseme niliiba.

Siku ya kwanza ya Kanyamibwa ku motere, nilikijaza kyansi nikakiweka mahali pake, katikati ya miguu yake. Alikiangalia, akacheka, akakishika na mikono miwili kama muntu aliyelelewa vizuri, akakunywa yote. Akapangusa mudomo, akasema asante mukubwa wangu, sasa na mie ni mbayuwayu. Ningemwambia pale pale. Ni neno fupi. Ningemwambia na kesho yake, na kesho ingine, tulikuwa mashua moja kila asubuhi mupaka mwezi wa saba. Mie nilisema karibu. Na wakati ule maji ilikuwa bado marefu, alipita juu ya mawe, akafurahi, akafikiri ni vitesi inamupitisha. Ilikuwa mvua tu.

Sasa Muzungu ametafuta mashua ingine, na anatafuta muntu. Jean-Marie akikaa Burungu, atachukua kazi ile muntu mwingine aliyesikia maneno yangu, maana waliosikia ni wengi, na nani atamwambia? Afadhali aje yeye, nimwambie mie. Kwa hiyo ninasema ndiyo. Lakini usimupe barua hii asome peke yake kando ya moto, halafu aikunje. Umwite katekista ku zizi wakati wa kukamua, wakati wanaume wote wako pale, wale wale aliowaambia ya mbayuwayu. Aisome kwa sauti, toka salamu mupaka mwisho, na mahali pa kinyonga asipite haraka. Wacheke. Wana haki, wamelipia kicheko kile miaka mingi kwa kuniamini. Muke wa Jean-Marie awe pale pia.

Kisha umwangalie mutoto wako usoni. Kama anaona haya kwa ajili yangu, umufungie chakula, apande loli. Atashika muanzi kwanza, mupaka mvua iende na kiangazi irudi, ili ayaone mawe na sura zake zote mbili. Nyuma njo motere. Lakini kama anasema mujomba amezeeka, amepata woga, mie nitapita, basi ufiche viatu vyake na umwambie mie nilisema apana. Apana ile nitaibeba, haina uzito kwangu leo.

Kyansi haikupotea. Ni muti, haijui kuzama. Watu wa mitumbwi waliiokota ku matete, wakaniletea. Iko hapa mbele yangu, tupu.

Mbele ya kufunga barua hii nilienda kwa Françoise nikamusomea yote, mupaka hapo juu, na ile mahali pa neno la mwisho la mume wake. Alikuwa anachagua maharagi. Hakuacha kuchagua. Nilipomaliza nilingoja anifukuze, na miguu yangu ilikuwa tayari. Alichagua mupaka lungo ikaisha, akatupa mawe madogo nje, akakaa tena.

“Yule kijana akishuka,” akasema, “mbele ya kugusa motere apite kwangu. Kyansi nitakijaza mie mwenyewe.”

Nilirudi kuandika mistari hii.

Nisalimie shemeji, nisalimie muke wa Jean-Marie, umwambie machozi yake ilikuwa na akili kushinda midomo yetu. Mujukuu umubusu ku paji la uso. Ile ng'ombe nyekundu uishike ku kiwele na uniandikie ukweli kama maziwa iko. Hapa vidole vya mukono wangu wa kuume vimeanza kuuma kidogo. Labda ni kalamu.

Mungu akae nanyi ku mulima, na sisi atuangalie huku chini ku maji.

Ndugu yako mudogo,
Sebarenzi Evode
mushika muanzi, ku kivuko cha Sake